Tuzo ya Vautrot na Kivuko Kisicho na Mto

Watu wa Brétigneux hawapigi kura kwa karatasi. Tuzo ya Vautrot, ambayo maprofesa wa Dijon na Paris huitaja kwa sauti ya kanisani, wao huiamua kwa vizibo vya chupa, tena wakiwa wameshiba, na hivyo ndivyo marehemu Profesa Anselme Vautrot alivyotaka. Alizaliwa palepale kijijini, akasoma mpaka akawa bingwa wa historia ya kale ya Ufaransa, na alipokufa aliacha agizo. Kila mwaka, Jumamosi ya sikukuu ya Mtakatifu Vinsenti, msimamizi wa wakulima wa mizabibu, wanafunzi wawili wa shahada ya uzamivu waje Brétigneux wasimulie utafiti wao mezani, bila karatasi mkononi, kisha walaji waamue nani kashinda. Kila aliyefungua chupa ukumbini ana kizibo, na kila kizibo ni kura. Mtu mmoja, chupa moja. Chupa za kifuniko cha kuzungusha hazihesabiwi, na mtu akikuletea chupa ya namna hiyo Brétigneux ujue hakupendi.

Mwaka huo wanafunzi wawili walikuwa Enora Kerdiles na Thibaud Lancelin. Thibaud alikuwa mtoto wa Paris, mcheshi, baba yake ana maduka ya dawa, na tuzo aliitaka kama mtu anavyotaka kipande cha pili cha keki. Enora aliitaka kama mtu anavyotaka hewa. Ufadhili wake wa chuo ulikuwa umekwisha, tasnifu bado haijakwisha, na wizara ilikwishampangia shule ya sekondari karibu na mpaka wa Ubelgiji, aanze kufundisha Septemba. Wote waliosoma naye waliwajua watu walioweka tasnifu pembeni "kwa muda tu". Hakuna aliyerudi. Tuzo ya Vautrot humlisha na kumlaza mshindi mwaka mzima, aandike bila kufanya kazi nyingine, na mwaka mmoja ndio hasa aliouhitaji.

Tena alikuwa na kitu cha kusema, jamani. Miaka minne alikuwa amechunguza namna vijiji vya Burgundy vilivyojitoa katika utumwa wa abasia, nyumba kuu ya watawa, karne nane zilizopita. Watawa walikuwa na ardhi, na watu walikuwa wa ardhi ile kama ng'ombe walivyo wa zizi. Kisha kijiji kimoja kikapata hati ya uhuru, jirani wakasikia, nao wakadai ya kwao, na jirani wa jirani hivyohivyo. Enora alichora ramani yenye mishale kutoka kijiji hadi kijiji, na mshale wa kwanza kabisa ulitoka Brétigneux. Haukuwa uvumbuzi wake. Mtoto yeyote wa kijiji kile angekuambia, maana ukutani mwa ofisi ya meya lipo jiwe la marumaru lililoandikwa: Brétigneux, huru tangu 1231, wa kwanza bondeni.

Courlaines, kijiji cha kule chini kando ya mto, walipata hati yao Oktoba ya mwaka huohuo. Kwa hesabu ya lile jiwe walikuwa wamechelewa kwa miezi tu, na miezi hiyo Brétigneux waliila na kuinywa tangu enzi za mababu. Mtu wa Courlaines akichelewa kanisani, huambiwa ni ugonjwa wa kwao. Timu yao ikifungwa, huambiwa wamezoea nafasi ya pili. Profesa Vautrot mwenyewe aliandika kitabuni kwamba Brétigneux walipata uhuru "mwanzoni mwa mwaka 1231", na nani angekwenda kumhakiki Vautrot? Enora alinakili, kama walivyonakili wengine wote.

Siku ya sikukuu, hati yenyewe hutolewa sandukuni. Ni ngozi ya kondoo ya ukubwa wa leso ya mfukoni, nayo huwekwa ndani ya kioo mlangoni mwa ukumbi. Wageni hupita wakasema "aah, nzuri sana," wakaelekea kwenye divai. Enora na Thibaud walifika mapema, baridi ya Januari ikiwakata masikio. Thibaud alikwenda moja kwa moja kwenye sinia la maandazi ya jibini. Enora aliinama kwenye kioo kwa heshima tu, kama mtu anayemsalimia mkwe, akaanza kusoma. Kilatini kile alikijua kwa moyo kutoka kitabuni mwa Vautrot, chote ila mstari wa tarehe, ambao Vautrot hakuunakili. Akafika mstari wa mwisho.

Hati ilisema: mwaka wa Bwana 1231, mwezi wa Februari.

Akasoma tena, akapangusa kioo kwa mkono wa sweta, akasoma mara ya tatu. Mwandishi wa hati katika Burgundy ya wakati ule hakubadilisha mwaka Januari kama sisi. Kwake mwaka mpya uliingia Pasaka. Januari na Februari zilikuwa mkia wa mwaka, si kichwa chake. Kwa hiyo Februari ya 1231 ilikuja baada ya Oktoba ya 1231, si kabla yake. Kwa kalenda yetu ilikuwa tayari 1232, na Courlaines walikuwa wamekaa na uhuru wao msimu mzima wa baridi.

Alimvuta Thibaud kwa mkono wa koti. Thibaud alisoma huku akitafuna, akarudia, akaacha kutafuna.

"Februari," akasema.

"Februari."

"Weee! Kumbe hawa ndio wa..."

"Shusha sauti, wewe."

Thibaud akatazama huku na huku, kisha akamnong'oneza. "Sikia. Kama rafiki yako, nakwambia funga mdomo, shinda, halafu ukweli wako uandike kwenye jarida ambalo hapa hakuna atakayelisoma. Kama mpinzani wako, nakuomba simama useme kila kitu, polepole, usiruke neno."

Enora alicheka, lakini macho yake yalirudi kwenye hati. Maana hapohapo, mbele ya kile kioo, jambo jingine lilikuwa linamjia, nalo lilimpandisha joto mpaka akavua skafu. Ni habari ya kivuko. Hati ya Brétigneux inawapa wanakijiji haki ya kupita bure kwenye kivuko, wao na punda wao na mapipa yao. Brétigneux iko juu ya kilima, haina mto. Haina hata kijito. Maji ya kisima chenyewe huvutwa kwa matusi. Miaka minne kifungu kile kilikuwa kimemkera kama kokoto kwenye kiatu, na wanakijiji walikifanya kichekesho cha sherehe. Sasa kilikuwa kimejieleza chenyewe. Courlaines wana mto, Courlaines wana kivuko. Watu wa Brétigneux waliiona hati ya Courlaines, wakamwendea abati, mkuu wa watawa, wakasema tunataka hiihii, na mwandishi wa abasia akainakili yote, kivuko na kila kitu.

Alitaka kupiga ukelele. Mtu anaweza kufanya utafiti maisha yake yote asiipate dakika kama ile, na yeye ilimkuta mlangoni, mbele ya sinia la maandazi. Kisha akakumbuka ni akina nani watakaopiga kura, akaivaa skafu tena.

Mezani walimkalisha karibu na meya, Régis Poinsot, mtu mnene mwenye utepe wa rangi tatu kifuani na mikono ya kukata mizabibu. Tangu nyama ya kugandishwa na kotimiri mpaka ng'ombe wa kuchemshwa kwa divai, meya hakuzungumza jambo jingine ila jubilei. Mwaka 2031 Brétigneux itatimiza miaka mia nane ya uhuru. Mahema yamekwisha agizwa, mabango yamechorwa, bendi ya mkoa imekubali. Na Courlaines, akasema meya huku akimmiminia, Courlaines wataalikwa na kukaa meza ya nyuma. Alicheka mpaka akafuta macho. Enora alitabasamu, akameza nyama bila kuisikia ladha.

Upande wa juu wa meza alikaa mjane wa profesa, Mama Hortense Vautrot. Alikuwa amekula chumvi nyingi, mwembamba, na mizabibu yake bado aliipogoa kwa mkono wake. Alizaliwa Courlaines, akaolewa kilimani akiwa msichana, na hadi leo wakorofi humwita "yule bibi wa chini". Alikuwa akimtazama Enora. Hakumtazama Thibaud hata kidogo.

Thibaud ndiye aliyetangulia. Lazima niseme kweli, aliwaweza. Utafiti wake ulikuwa juu ya wafalme wa zamani waliokuwa wakizunguka nchi na watu wao wote, wakifika kijijini kama nzige, na alisimulia jinsi kijiji kimoja kilivyowahi kuficha nguruwe wake kanisani, nguruwe mmoja akaitikia katikati ya misa. Ukumbi uliangua kicheko, mpaka maprofesa wakagonga meza. Watu walikuwa wakivigeuzageuza vizibo vyao tayari, wakiziangalia zile ndoo mbili za kuvunia zabibu zilizowekwa jukwaani, moja ya Thibaud, moja ya Enora.

Zamu ya Enora ikafika. Akasimama. Alianza kama alivyojiandaa, watawa, ardhi, watu waliouzwa pamoja na shamba. Walimsikiliza vizuri. Alipofika kwenye mishale ya ramani, pale ambapo alitakiwa kusema "na mshale wa kwanza ulitoka hapa", aliona kabisa mlango wa kutokea. Sentensi moja tu aitamke, wale watu wapige makofi, na mwaka wake aupate. Sentensi ikakataa kutoka. Haikuwa ushujaa, tusidanganyane. Alijua kitu, kilikuwa kinamchemka ndani, na yeye si wa kukaa na kitu kama hicho.

"Naomba kuuliza," akasema. "Kivuko chenu kiko wapi?"

Wakacheka. Mzee Firmin, fundi mapipa mstaafu, mtu wa maneno, akajibu kutoka nyuma kwamba kivuko kipo tayari siku nyingi, wanasubiri mto tu. Wakacheka zaidi. Enora naye akacheka, akangoja watulie, kisha akawaeleza. Aliwaambia wanyanyuke wakasome neno la mwisho la ile ngozi mlangoni. Aliwaambia habari ya Pasaka, mkia na kichwa cha mwaka, mpaka hata waliokuwa wamelewa wakaelewa. Na aliwaambia kivuko kile kilitoka wapi.

Meya ndiye aliyechelewa kuelewa. "Kwa hiyo?" akauliza.

"Kwa hiyo Courlaines walitangulia, Mheshimiwa. Ninyi mliwafuata."

Kisha patashika ikaanza. Mmoja alisema binti kahongwa na Courlaines. Mwingine alisema Wabretoni kama yeye wameanza lini kufundisha watu wa Burgundy kuhesabu. Mabango, mahema, bendi, vyote vilitajwa kwa mpigo. Meya alisimama, uso umemwiva, akauliza kwa sauti ya kuumia kama ameelewa sawasawa. Je, mgeni huyu amekula chakula chao ili asimame katika sherehe ya marehemu, mbele ya mjane wake, aseme marehemu alikosea?

Hapo akainuka Profesa Lhermitte, mwenyekiti wa maprofesa waliowateua wanafunzi, mtu mkavu asiyesema bila sababu. Alinuia kumtetea Vautrot. Alisema haiwezekani, kosa la Pasaka ni kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hakuna bingwa anayeweza kulifanya. "Na jambo hilo la Pasaka," akasema, "ni Vautrot mwenyewe aliyenifundisha mimi."

Akabaki amesimama mdomo wazi. Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe. Enora pia alimsikia, na damu ikamkimbia usoni, maana tangu asubuhi alikuwa hajafikiria mpaka huko. Profesa Lhermitte akakaa polepole.

"Hakukosea," akasema Mama Hortense. Hakupaza sauti, lakini wote walimsikia. "Anselme alijua. Aliniambia baridi ya kwanza ya ndoa yetu, tukiwa tunaota moto. Baba yake ndiye aliyekuwa meya, na ndiye aliyeweka lile jiwe. Anselme akanisihi, nisubiri mzee afe. Mzee akafa. Akasema nisubiri astaafu, asije akachekwa na wenzake. Akastaafu. Halafu akafa yeye. Na miaka yote hiyo ninyi mmenitania, bibi wa chini, bibi wa nafasi ya pili, hata siku ya mazishi yake kuna mtu alinitania, na simtaji. Nilinyamaza kwa sababu nilimpenda mjinga yule. Lakini sikumwahidi kwamba atakapokuja mtu akaisoma hati mwenyewe, nitamkana."

Alifungua mkoba akatoa simu, akaishika mbali na macho yake kama washikavyo wazee, akabonyeza. Kila mtu alisikia upande wa pili ukiitika. Alikuwa kaka yake, Marceau, wa Courlaines.

"Marceau, njooni," akamwambia. "Kuna binti kaisoma hati yao, Courlaines ndio tuliotangulia. Kila mtu na chupa yake. Ya kizibo."

Jamani, meya aliruka. Alisema haiwezekani, tuzo ni ya Brétigneux, kura ni za Brétigneux. Mama Hortense akamjibu kwa upole kwamba wosia unasema aliyefungua chupa ukumbini. Hausemi chupa ya mtu wa wapi. Profesa Lhermitte alipoulizwa, alikiri kwamba ndivyo ulivyoandikwa, na huenda ni kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri mtu wa Courlaines angekanyaga pale siku ya Mtakatifu Vinsenti kwa hiari yake.

Kutoka Courlaines mpaka kilimani ni mwendo mfupi kwa gari, na walikuwa na sababu ya kukanyaga mafuta. Enora aliona watu wamemgeuzia mgongo, wanabishana wao kwa wao, na hofu ikamshika, si ya kushindwa tu. Alikuwa hajamaliza. Sehemu iliyo tamu kuliko zote ilikuwa bado mdomoni mwake, ameipata tangu asubuhi, na walikuwa wanataka kuondoka bila kuisikia. Akapanda juu ya kiti.

"Sijamaliza!" akasema. "Mmesikia kwamba mmenakili. Hamjasikia mlichoongeza."

Wakageuka, wengine kwa hasira tu. Akawaambia haraka haraka, maneno yakimtoka moja juu ya jingine. Hati ya Courlaines alikuwa anaijua kifungu kwa kifungu. Ya Brétigneux ina vyote vya Courlaines, hata kile kivuko cha bure, lakini ina kifungu kimoja ambacho Courlaines hawana. Kinasema mwanamume akifa, mjane wake asitolewe shambani, mizabibu ibaki mkononi mwake mpaka naye afe. Siku zote yeye alidhani Courlaines walikuja baadaye wakakisahau, na hakuelewa watu wanaokopi wakasahau kitu kama hicho ni watu gani. Sasa ilikuwa wazi. Mababu wa Brétigneux walikaa kilimani baridi nzima wakiwatazama wenzao na uhuru wao mpya. Wakaona uhuru ule unavyofanya kazi, na wakaona wajane wa Courlaines wakifukuzwa na watawa hata baada ya hati. Basi walipomwendea abati, hawakudai tu kile walichopata jirani. Walidai zaidi, na walipewa. Tasnifu yake yote ilikuwa imekaa kichwa chini, akasema. Uhuru haukuwa unasambaa tu kutoka kijiji hadi kijiji, ulikuwa unakua njiani, na mahali ulipoanza kukua ni hapa.

Alikuwa anahema. Mwanamke mmoja aliyevaa makoti mawili, anayelima peke yake tangu mumewe afe, alimwuliza kama ana hakika Courlaines hawana kifungu hicho. Enora akasema hawana. Yule mwanamke akawatazama wenzake, akasema "haya", akakaa. Meya alikuwa anakuna kidevu.

Hapo honi zikasikika.

Walikuja kwa magari, na wengine kwa trekta lenye tela, na waliingia kwa kelele huku wamekumbatia chupa kama watoto wachanga. Marceau alitangulia, mzee mrefu mwenye kofia, uso umejaa raha ya maisha yake yote. Alimbusu dada yake mashavu yote mawili, kisha akautangazia ukumbi kwamba Courlaines, kijiji huru cha kwanza bondeni, wamekuja kumpa tuzo binti aliyesema kweli, kwa kuwa wenyeji wanaonekana kusitasita. Nyuma yake watu wake walianza kuulizana vizibuo viko wapi.

Brétigneux wote walikuwa wanapiga hesabu ileile vichwani. Vizibo vyao vilikuwa vimekwisha chomolewa, viko mikononi, mifukoni, chini ya sahani. Wale wa Courlaines walikuwa bado wanahangaika na chupa.

Mzee Firmin ndiye aliyesema. "Wakimpa wao, itaandikwa kwamba Courlaines ndio waliomtuza. Watutangulie mara mbili kwa siku moja?" Akainuka, viatu vyake vya mbao vikigonga sakafu, akaenda jukwaani akatupa kizibo chake ndani ya ndoo ya Enora.

Wacha ukumbi ulipuke. Viti vilianguka, bibi za watu walipita chini ya viwiko, yule mjane wa makoti mawili alimsukuma meya bila kuomba radhi. Vizibo viliruka kama mvua ya mawe. Courlaines walipoona hivyo walipiga kelele kwamba ni hila, wakazitafuna kwa meno foili zilizofunika vizibo, mmoja akavunja kizibo katikati na kuanza kugombana na wenzake kama nusu ni kura. Wa kwanza wao alipofika jukwaani na kizibo kizima, ndoo ya Enora ilikuwa imejaa na inamwagika. Tangu ile ngozi iandikwe, hiyo ndiyo mara ya kwanza Brétigneux waliwawahi Courlaines, na walikuwa wanaruka wakikumbatiana kama walioshinda vita.

Katika ndoo ya Thibaud vilikuwamo vizibo vichache. Kimoja kilikuwa cha Enora. Kimoja kilikuwa chake mwenyewe, na Enora alipomkodolea macho alisema yeye ni rafiki, si malaika. Kisha akamnyanyua juu, akamzungusha, akamrudisha chini, Enora akiwa analia na kucheka kwa pamoja, maana sasa ilikuwa imemwingia kwamba Septemba haendi popote. Ana mwaka. Mwaka mzima, na kitu cha kuandika ambacho hakuna mtu duniani aliyewahi kukiandika.

Meya Poinsot alinyoosha utepe wake, akampa mkono. Alikuwa bado amenuna, lakini ni kununa kwa mtu aliyekwisha anza kupanga. Alisema jubilei itasogezwa mwaka mmoja mbele, na kusema kweli paa la ukumbi lisingekuwa tayari hata hivyo. Mwaka 2031 watashuka Courlaines wakale vya bure, waangalie kila kilichoharibika, kisha 2032 wafanye yao. Marceau akasema kwa sauti kwamba watakaa meza ya nyuma. Meya akajifanya hakusikia. Alichotaka, alimwambia Enora, ni sentensi moja tu ndani ya tasnifu, kwamba Brétigneux ndicho kijiji cha kwanza katika Burgundy yote kukubali kuwa cha pili.

Mama Hortense alikuwa amekaa na kaka yake, ambaye hakuwahi kula ndani ya ukumbi ule tangu siku ya harusi ya dada yake. Alimwita Enora akamkalisha karibu, akamshika mkono kwa vidole vyake vigumu vya kupogolea.

"Mwaka mmoja utakutosha, mwanangu?"

"Utanitosha, mama."

"Na Anselme utamweka wapi? Nimeishi na msomi, najua. Mtu akiwaaibisha mnamsukumia kule chini ya ukurasa, kwenye maandishi madogo."

Enora alianza kumhakikishia kwamba atatumia lugha ya heshima, kwamba hakuna haja ya kusema zaidi ya tarehe. Mama Hortense akatikisa kichwa.

"Hapana. Muweke juu, kwa herufi kubwa kama za watu wengine. Andika kwamba alijua, na kwamba alidanganya kwa ajili ya baba yake. Mimi nimelibeba peke yangu muda wote huu, na nimechoka."

Macho yake yalikuwa makavu. Enora ndiye ambaye hakuweza kujizuia. Alimwahidi kwamba atamwandika juu, na mjane akaupigapiga mkono wake, akamwambia apanguse pua, watu wa Courlaines wanatazama.